Beseni la Ndege na Maji ya Kuku Wako

Katika mashamba ya skimu yaliyogawanywa tangu Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mkulima aliyepata kipande chenye nyumba ya zamani mara nyingi alikuta vitu ambavyo hakujua kazi yake. Kimoja cha vitu hivyo ni beseni la saruji lililosimama juu ya nguzo fupi katikati ya bustani. Wengine walidhani ni la kunawia mikono. Wengine walifanya ukingo wake kuwa mahali pa kunolea panga. Kumbe lilikuwa beseni la ndege. Lilitiwa maji ili ndege wa porini waje kunywa na kuoga, na mwenye nyumba akae barazani akiwatazama.

Mabesena ya namna hiyo yangali yako katika mashamba kadha wa kadha, na hata mkulima asiye nalo ana chombo kingine kinachofanya kazi ile ile bila yeye kukusudia. Ana karai kuukuu chini ya mfereji, au gurudumu la gari lililokatwa nusu, au sufuria iliyotoboka ubavuni inayoshika maji kidogo. Hua hunywa humo, shomoro huoga humo, kuku hunywa humo, na watoto huchezea humo. Kwa hiyo somo hili si la mwenye bustani nzuri peke yake. Ni la kila mtu mwenye chombo cha maji nje ya nyumba na kuku wanaotembea uani.

Sisemi kwamba beseni la ndege livunjwe. Ndege wengi wanaokuja kunywa hula viwavi na wadudu wa mboga, na tena ni jambo la kupendeza kuwaona asubuhi. Lakini beseni lisilosafishwa ni hatari kwa kuku kuliko mwewe, maana mwewe huchukua kifaranga mmoja akaenda zake.

Mama wa Kinangop

Mwaka jana nilifika kwa mama mmoja katika skimu moja ya Kinangop. Alikuwa na kuku 60, na mayai yao ndiyo yaliyolipa karo ya mtoto wake aliye sekondari. Nilipofika walikuwa wamebaki 19. Wengine 41 walikuwa wamekufa katika muda wa siku tisa kwa ugonjwa wa Newcastle, ule ambao watu wengine huuita kideri. Aliniambia hivi: “Daktari, ile chanjo ilikuwa maji matupu. Walitudanganya.”

Nilimwuliza jirani yake, kwa sababu walikuwa wamenunua chupa moja ya dozi 100 wakagawana. Jirani alikuwa na kuku 30, naye hakupoteza hata mmoja. Basi chanjo haikuwa maji matupu. Chupa ni ile ile, asubuhi ni ile ile. Jirani alitia tone moja katika jicho la kila kuku, kisha akampa mama sehemu iliyobaki. Mama aliona kuwakamata kuku 60 ni kazi ya kutwa nzima, akaamua kuitia katika maji yao ya kunywa.

Nikamwomba anionyeshe alivyofanya. Mama yule ni mtu safi sana, na hilo lilionekana hata jikoni kwake. Asubuhi ya chanjo alikuwa ameliosha karai la bati kwa Jik, akalisuuza mara moja, akatia maji, akatia chanjo, akaliweka uani penye jua. Kuku walikuwa wamekunywa maji tangu alfajiri, kwa hiyo hawakuwa na kiu. Wale waliotaka kunywa hawakulijali karai lenye harufu ya Jik. Walikwenda katika beseni la zamani la saruji, hatua 30 kutoka pale, lililokuwa limejaa maji ya mvua na ukoga wa kijani, wakanywa humo pamoja na hua.

Chanjo ya Newcastle inayotiwa katika maji au machoni ni kirusi kilicho hai, ila kimedhoofishwa. Kikifa kabla ya kuingia mwilini mwa kuku hakifundishi mwili kujikinga, na ni sawa na kutochanja. Jik hukiua. Jua kali hukiua. Bati lenye kutu hukidhuru. Na kuku ambaye hakunywa maji yale hakuchanjwa hata kama maji yalikuwa mazuri. Lolote moja kati ya hayo lingetosha kuharibu kazi ile, naye mama alikuwa nayo yote manne. Wiki tatu baadaye alinunua jogoo sokoni akamwachilia uani siku ile ile, na jogoo yule akaenda kunywa katika beseni.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu mama yule hakuwa mvivu wala mchafu. Alifanya kazi ya usafi, lakini aliifanya siku isiyofaa na mahali pasipofaa, na chombo kilichohitaji usafi kuliko vyote hakukigusa.

Maji yanavyobeba ugonjwa

Mtazame kuku akinywa. Huzamisha mdomo, huinua kichwa, na matone ya mate hurudi katika maji. Ndege anayeoga huacha manyoya, vumbi na viroboto. Anayesimama ukingoni huacha kinyesi, na kinyesi hicho huteleza ndani. Kuku mgonjwa mwenye homa ana kiu, naye hupenda kukaa karibu na maji kutwa. Hivyo yule ambaye ungetaka akae mbali na chombo ndiye anayekaa karibu nacho kuliko wengine.

Newcastle hupita kwa njia hiyo, ingawa hupita pia kwa viatu, kwa matenga ya sokoni na kwa kuku wapya. Haina dawa ya kuponya, kinga yake ni chanjo. Taifodi ya kuku hupita katika maji pia. Hua na njiwa wana ugonjwa wao wa koo, unaowafanya washindwe kumeza na kuangusha chakula na mate majini. Ukiona hua amejikunyata kando ya beseni, manyoya yamesimama, asiruke hata ukimkaribia, mwaga maji yote siku hiyo, usugue beseni, na uliache likiwa kavu kwa muda wa wiki mbili ili ndege watawanyike.

Kuhara damu kwa vifaranga, yaani koksidiosi, kunahitaji maneno ya peke yake kwa sababu wakulima wengi hukosea hapa. Mbegu za ugonjwa huu zinapotoka katika kinyesi haziwezi kuambukiza papo hapo. Zinahitaji unyevu na joto kwa muda wa siku moja au mbili ndipo ziive. Basi ardhi yenye tope kuzunguka chombo cha maji ndilo shamba lake. Unaweza kuosha chombo kila siku na bado vifaranga wakafa, kwa kuwa wanadonoa katika tope la chini yake. Tena Jik haiziui mbegu hizi. Ukavu, jua na maji yanayochemka ndiyo huziua. Mkulima anayemwaga Jik juu ya tope akidhani ameua koksidiosi amepoteza Jik yake.

Jambo la mwisho ni mbu. Viluwiluwi vinavyocheza ndani ya beseni ni watoto wa mbu. Katika mahali pa joto yai la mbu huwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi, na katika nchi ya baridi kama Kinangop na Ol Kalou huchukua muda zaidi. Mbu huambukiza kuku ndui, ule ugonjwa wa vipele vyeusi katika kilemba na kandokando ya macho. Ukiyamwaga maji mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, hakuna mbu atakayefika kukomaa humo. Mwaga juu ya ardhi kavu penye jua, si katika mtaro wenye maji. Usitie mafuta ya taa katika beseni kuua mbu. Mafuta huharibu manyoya ya ndege, na maji hayo hayanyweki tena.

Kusugua

Kazi kubwa ni mkono na brashi, dawa hufuata nyuma. Ukoga wa kijani na ule utelezi unaousikia kwa kidole ndani ya chombo ni makao ya vijidudu. Ukimimina Jik juu ya ukoga, nguvu yake huishia katika uchafu wa juu na haifiki chini. Ndiyo maana mtu huweza kutia Jik kila wiki na bado beseni likanuka.

Uwe na brashi ngumu ya kazi hii tu. Brashi ya makopo ya maziwa isitumike hapa kamwe, wala ile ya beseni isiingie katika chumba cha kukamulia. Nimeziona zikining'inia kwenye msumari mmoja, na mwenyewe akashangaa maziwa yake yalipokataliwa. Ipake rangi nyekundu mpinini, au ufunge kitambaa, ili hata mtoto aijue.

Mwaga maji yote. Maji machafu yasiyo na dawa yanaweza kumwagwa kwenye mabingobingo, mbali na mahali kuku wanapodonoa. Kisha sugua kwa maji na sabuni ya kufulia, ukianzia ukingoni ambako kinyesi kimekauka na kushuka mpaka katikati. Kinyesi kilichokauka kwanza kiloweshe, usikikwangue kikiwa kikavu, kwa kuwa vumbi lake haifai kulivuta puani. Mahali penye ukoga mgumu tumia mchanga wa mtoni kidogo pamoja na brashi. Mchanga husugua saruji vizuri kuliko waya wa chuma, ambao huacha mikwaruzo mirefu inayoshika uchafu wa kesho. Suuza mpaka povu liishe. Sabuni yenyewe ina kazi, kwani kirusi cha Newcastle kina ganda la mafuta ambalo sabuni hulivunja.

Baada ya hapo liache likauke juani kabla ya kulijaza tena. Saa mbili au tatu za jua la mchana hufanya kazi kubwa bila gharama. Kwa chombo cha kuku wanaofungiwa, ambao hawawezi kukaa bila maji, uwe na vyombo viwili. Kimoja kinatumika leo huku cha pili kinakauka juani, na kesho unavibadilisha. Kwa maoni yangu, chombo cha pili ndiyo dawa yenye bei nafuu kuliko zote, na ni watu wachache walio nacho.

Chombo cha kuku kioshwe kila siku. Beseni la ndege la bustanini, kama nilivyosema, mara mbili kwa wiki, na wakati wa kiangazi mara tatu, kwa sababu ndege ni wengi na maji ni machache. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Vijidudu vingine katika kinyesi cha ndege huumiza matumbo ya watu pia, na watoto wadogo wasiachwe kuchezea humo.

Habari ya Jik

Mara moja kwa wiki, baada ya kusugua na kusuuza, unaweza kutumia Jik ya kawaida ya dukani isiyotiwa manukato. Pima kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe tisa vya maji. Paka kila mahali, acha kwa dakika kumi, kisha suuza mara tatu kwa maji mengi mpaka harufu iishe kabisa, na uache chombo kikauke. Maji yale ya Jik yasimwagwe kwenye mboga wala katika kijito. Mwaga juu ya njia au ardhi tupu.

Changanya kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, kwani Jik iliyochanganywa hupoteza nguvu, na chupa iliyokaa dirishani penye jua haina kazi hata kama ingali imejaa. Usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, maana hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Kwenye karai la bati Jik hula bati lenyewe, na kutu ikianza hakuna brashi itakayolisafisha tena. Kwa hiyo chombo cha plastiki kinafaa zaidi kwa kuku.

Wakulima wengine hutia mrututu katika maji ili kuua ukoga, kwa kuwa wanao tayari wa kuogeshea kwato. Ni kweli huua ukoga. Lakini mrututu una shaba, na kondoo huumizwa na shaba upesi kuliko mnyama mwingine wa shambani. Kondoo wako akipita akanywa humo kila siku, shaba hukusanyika katika ini lake kimyakimya, kisha siku moja anaanguka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isikaribie chombo cha maji, wala usigeuze mkebe wa dawa ya mimea kuwa chombo cha kuku, hata ukiuosha mara kumi.

Siku ya chanjo

Hapa ndipo mama wa Kinangop alipoumia, basi soma polepole.

Ikiwezekana tumia tone la jicho. Ni kazi ndefu, lakini unajua kwamba kila kuku amepata. Wakamateni jioni wakiwa wamelala, au asubuhi kabla ya kuwafungulia, mmoja akishika na mwingine akitia tone. Subiri kuku apepese jicho ndipo umwache. Watu wawili waliozoea hawachukui muda mrefu kumaliza kuku 60.

Ukilazimika kutumia maji, chombo kisitiwe Jik siku hiyo wala siku iliyotangulia. Kisugue kwa brashi na maji safi matupu, bila Jik na bila sabuni. Kiwe cha plastiki. Maji yawe ya kisima au ya mvua iliyokingwa vizuri. Kama una maji ya mfereji tu, ambayo hutiwa klorini, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa kwa kila lita, ukoroge na kungoja nusu saa kabla ya kutia chanjo. Maziwa huiondoa nguvu klorini.

Waondolee kuku maji kwa saa moja au mbili kabla, na katika siku ya baridi hata zaidi kidogo, ili wawe na kiu. Na uondoe maji yote, si yale ya chombo chao tu. Zunguka uani mzima. Pindua karai la mferejini, mwaga gurudumu, funika hori la ndama, mwaga beseni la ndege. Hii ndiyo kazi ambayo hakuna anayeikumbuka. Kisha weka maji ya chanjo kivulini, kwa kiasi ambacho watakimaliza katika saa mbili, na vyombo vitoshe ili jogoo mkubwa asiwazuie wadogo. Kiasi cha maji hufuata maandishi ya chupa, hivyo usikisie. Jik irudi kutumika keshokutwa.

Chanjo hii hutengenezwa hapa Kenya na KEVEVAPI, nayo hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Ibebe katika chombo cha baridi kama ulivyoelekezwa, usiiweke mfukoni wala juu ya kiti cha matatu penye jua. Muulize afisa wa mifugo wa wadi yako juu ya kurudia. Kwa kuku wa kienyeji wanaotembea, chanjo ya tone hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Na kuku anayetoka sokoni akae peke yake wiki mbili, na chombo chake cha maji mwenyewe, hata kama ni jogoo wa kupendeza namna gani.

Mahali pa kuweka

Beseni la ndege na maji ya kuku visikae pamoja. Kama beseni liko bustanini, zungushia bustani wavu au ua wa miti ili kuku wasifike. Kama huwezi kuzungushia, basi liinue. Nguzo yenye kimo cha mita moja haimzuii kuku wa kienyeji aliye mwepesi, lakini ukingo mwembamba wa mviringo humsumbua. Na maji ya kuku yawe ndani ya banda au chini ya paa, mahali ambapo kinyesi cha hua hakianguki kutoka juu. Ukiwapa kuku maji ya kutosha karibu nao hawatayatafuta bustanini. Kuku kumi wa mayai hunywa kama lita mbili na nusu kwa siku, na zaidi katika jua kali. Yai likitolewa ganda, karibu robo tatu yake ni maji, basi ukimnyima kuku maji asubuhi usimlaumu kwa kutotaga.

Usiweke beseni chini ya mti ambao ndege hulala, kwa sababu utasugua kila siku bila faida. Liwe pia mbali kidogo na kichaka, hatua tatu au nne, ili paka asijifiche. Maji yasizidi kina cha sentimita tano katikati, na ukingoni yawe sentimita mbili tu. Weka mawe mawili matatu yanayojitokeza juu ya maji. Ndege wadogo husimama juu yake, na nyuki pia. Mkulima mwenye mizinga atajua thamani ya jambo hili akihesabu nyuki wanaoelea asubuhi katika chombo kisicho na jiwe. Mawe hayo nayo husuguliwa.

Chini ya chombo cha kuku tandaza kokoto, upana wa mita moja kila upande, na juu yake weka kitako cha mbao au matofali ili chombo kisimame kimo cha mgongo wa kuku. Maji yatakayomwagika yatapita katika kokoto, na kuku hawatakuwa na tope la kudonoa. Kila baada ya miezi michache ondoa kokoto, zioshe, zianike. Kwa vifaranga chombo kiwe na mdomo mwembamba au kitiwe vijiwe vidogo, wasizame.

Beseni lenye ufa

Mabesena ya zamani mengi yana nyufa. Ufa si hasara ya maji tu. Ukoga hujificha humo mahali brashi haifiki, na beseni huanza kunuka siku ya pili baada ya kuoshwa. Lisugue, liache likauke siku mbili, upanue ufa kidogo kwa patasi, utoe vumbi, ulowanishe, kisha ujaze kwa mchanganyiko wa sehemu tatu za mchanga safi uliochekechwa na sehemu moja ya saruji. Lainisha kwa mwiko. Funika kwa gunia la majimaji kwa siku saba, ukililowanisha asubuhi na jioni, la sivyo saruji itakauka upesi na kupasuka tena.

Saruji mpya hutoa chokaa katika maji, nayo ni kali kwa ndege. Baada ya siku saba jaza beseni maji, yaache usiku kucha, mwaga, jaza tena, na ufanye hivyo kwa muda wa wiki moja kabla ya kuwaachia ndege. Usipake rangi ndani ili lipendeze. Rangi hubanduka, na ndege hudonoa vipande vyake. Uso wa saruji usilainishwe kama kioo pia, kwa sababu ndege huteleza.

Mama wa Kinangop hakulivunja beseni lake. Alizungushia bustani wavu, akaziba ufa mmoja uliokuwa ubavuni, akanunua vyombo viwili vya plastiki kwa ajili ya kuku. Nilipopita tena alikuwa na vifaranga 30, na alikuwa amewatia tone la jicho yeye mwenyewe, akisaidiwa na mtoto wake aliyerudi likizo. Brashi mbili zilikuwa kwenye misumari miwili, moja upande wa ng'ombe, na ya pili nyuma ya banda, yenye mpini mwekundu.

Aliniuliza juu ya bata. Bata wasitumie chombo kimoja na kuku hata kwa siku moja. Bata huosha mdomo, pua na chakula katika maji, na baada ya robo saa maji huwa matope. Wape karai lao upande wa chini wa uwanja, ili maji wanayomwaga yateremke mbali na banda, na lioshwe jioni, kwa sababu ukilisafisha asubuhi litakuwa chafu kabla hujafika langoni.